Nakala ya Kangundo

Siku baba yangu alipoanguka katikati ya mibuni yake, dawa yake ilikuwa Kinanie. Mpaka leo hilo linaniuma kuliko kuanguka kwenyewe. Alikuwa ameenda kwenye zahanati ya kwetu Kangundo kuchukua insulini, akaambiwa imeisha, arudi gari la ofisi likishapita. Baba si mtu wa kulalamika mbele ya watu. Aliaga, akarudi nyumbani, hakumwambia yeyote, akashika makasi yake ya kupogolea na kuendelea na kazi kana kwamba ugonjwa wa sukari ungemwonea haya na kumngoja. Jirani aliyekuja kuazima jembe ndiye aliyemkuta chini.

Wakati huo wote, kwenye friji ya zahanati ya Kinanie, iliyo chini ya ofisi ile ile inayosimamia ya Kangundo, insulini ilikuwa imejaa rafu nzima. Wa Kinanie hawakujua kwamba Kangundo wamekaukiwa. Wa Kangundo hawakujua kwamba Kinanie wanayo. Nami, mtu wa kompyuta wa zahanati hizo, niliyeajiriwa ili nijue, nilikuwa nimekaa ofisini mjini Machakos nikitazama skrini iliyoniambia kwamba Kangundo kuna insulini ya kutosha. Skrini haikudanganya, ila ilikuwa inasema habari za wiki iliyopita. Kila zahanati iliandika dawa zake kwenye kompyuta yake, na dereva wa ofisi akizunguka alikusanya flashi, akaniletea zikiwa zimechanganyika na peremende mfukoni mwake. Niliukuta utaratibu huo nilipoajiriwa, na kila nilipouulizia niliambiwa unafanya kazi.

Baba alipopata nafuu, kaka yangu mkubwa alikuja hospitalini kutoka Mlolongo akiwa ameshaamua. Kaka ni mtu mzuri, na ubaya wake ni kwamba akiamua jambo hulitangaza kama matokeo ya mtihani.

"Baba, utakuja kukaa kwangu," alisema. "Duka la dawa liko hapo chini kwa nyumba. Ukishuka ngazi umefika."

"Na shamba?" baba akauliza.

"Tutatafuta mtu."

"Mtu," baba akasema, akageukia ukuta.

Nilijua maana ya kugeukia ukuta. Baba aliwahi kukaa kwa kaka Pasaka moja. Dirisha la pale linatazama malori yanayongoja mizani, na vumbi la machimbo huingia mpaka ndani ya kabati. Kabla sikukuu haijaisha alikutwa kwenye veranda ya jirani akipogoa maua ya watu kwenye mikebe, bila ruhusa. Mwenye maua alikasirika. Baba alishangaa kwamba mtu anaweza kukasirika kwa kusaidiwa kazi. Kumhamishia Mlolongo kungemponya sukari na kummaliza yeye mwenyewe.

Alipokuwa amelala vile akanigeuzia jicho moja, akasema, "Mwaitu, wewe unasema nini?" Mwaitu kwa Kikamba maana yake ni "mama yangu". Baba huniita hivyo kwa kuwa nilipewa jina la mama yake. Ni heshima, lakini ina mzigo wake, kwa sababu anayekuita mama yake anatarajia umtetee. Mdomo wangu ukanitangulia. Nilisema haendi popote, nikasema dawa haitakosekana tena Kangundo, nikasema nitahakikisha mimi mwenyewe.

Kaka alinivuta nje kwenye korido. Hakupaza sauti. "Sawa, wewe ndiye wa kompyuta," alisema. "Mvua ya mwisho wa mwaka huu ikija na kuisha, kama bado mzee anaenda zahanati na kurudi mikono mitupu, namchukua. Na ni wewe utamwambia, si mimi."

Nilikubali. Nilikuwa na hasira, na hasira hunifanya nikubali mambo haraka.

Nilichohitaji kina jina refu kwenye vitabu, lakini maana yake ni fupi. Nilitaka hifadhidata ya dawa iwe na nakala katika kila zahanati, na kila badiliko litakaloandikwa mahali pamoja lifike kwingine kote wakati ule ule. Muuguzi wa Kangundo akitoa chupa moja, Kinanie ione imetoka. Zipo kampuni zinazouza programu za namna hiyo, na ofisi yetu haikuwa mteja wao hata kwa ndoto. Nikaenda kwenye programu huria, zile zinazoandikwa na watu waliotawanyika duniani, wakaziacha wazi, kila anayetaka azichukue, azifungue, azione ndani, azirekebishe. Nikapata moja inayofanya kazi ile ile. Kazi yake yote ni kusikiliza. Hukaa kando ya hifadhidata, ikasoma ile kumbukumbu ambamo kila badiliko huandikwa kwa mpangilio, na kuyapeleka mabadiliko hayo kwa nakala zinazongoja.

Nilimweleza baba habari hizo nikiwa namsaidia kupanga vijiti vya nyanya, maana alikuwa amekatazwa kazi na hiyo ndiyo aliyoiita si kazi. Alitaka kujua nani anawalipa hao watu. Nikamwambia wengi wao hawalipwi. Mmoja anahitaji kitu, anakitengeneza, anakiacha wazi. Mwingine anakikuta na tundu, analiziba, anakirudisha.

"Hiyo ni mwethya," baba akasema.

Mwethya ndivyo tunavyolima kwetu tangu zamani. Leo kundi zima linateremka shambani kwako na majembe, kesho linateremka kwa mwenzako, na wewe umo. Hakuna kuandikiana. Lakini kila mtu anajua nani alilimiwa na hakutokea kulima.

"Na wewe umelima kwa nani?" baba akaniuliza.

"Bado, baba. Ndiyo naanza kulimiwa."

"Haya," alisema, kwa ile sauti inayomaanisha kwamba jambo limewekwa, halijasahauliwa.

Nilifunga vikompyuta vidogo katika kila zahanati, vya ukubwa wa kipande cha sabuni, visivyo na skrini, kila kimoja na laini yake ya simu. Kompyuta kubwa, ambayo ukubwa wake ulikuwa wa umri zaidi ya nguvu, ilibaki ofisini Machakos. Siku ya kujaribu nilimpigia simu muuguzi wa Kangundo. Yeye ndiye anayeiendesha zahanati ile karibu peke yake, mama wa makamo tunayemwita sista, mcheshi kwa wagonjwa na mkali kwa mashine.

"Sista, andika umetoa chupa moja."

"Nimeandika."

Hata hakumaliza neno. Hesabu ya Kangundo kwenye skrini yangu ilishuka kwa moja, mbele ya macho yangu, bila flashi, bila dereva, bila peremende. Nilipiga kelele. Nilimwomba aongeze, apunguze, aongeze tena, mpaka akaniambia ana wagonjwa kwa foleni na yeye si mchezo wa kompyuta. Nilifurahi kama mtoto siku ile, na sioni aibu kusema.

Kisha mvua ikaja. Ukambani hatuisemi mvua vibaya. Watu walikuwa wanapanda mahindi na maharagwe, vijito vilikuwa vinasikika, na baba alikuwa ameanza kuondoka kitandani mapema kuliko alivyoruhusiwa. Katikati ya baraka hizo zote, asubuhi moja niliingia ofisini nikakuta mfumo mzima umesimama. Si Kangundo tu. Kinanie, Machakos, kote. Hakuna zahanati iliyoweza kuona dawa za mwenzake. Tulikuwa tumerudi kwenye habari za wiki iliyopita, na safari hii hata flashi hazikuwepo.

Ilinichukua asubuhi yote kuelewa. Kompyuta kubwa ilikuwa imejaza diski yake mpaka pomoni, na kilichoijaza ni uaminifu wake. Programu ile ina tabia moja ya kiungwana. Nakala moja ikipotea hewani, kompyuta kubwa haitupi mabadiliko ambayo nakala hiyo haijayapata. Inayaweka, kama mama yetu alivyokuwa akimwekea chakula aliyechelewa, akakifunika na sahani. Kangundo ilikuwa imepotea hewani tangu mvua ilipoanza. Kompyuta ikaendelea kuiwekea sahani juu ya sahani, mpaka jikoni pasiwe na mahali pa kukanyaga.

Kaka alipiga simu mchana huo. Sijui alisikia kwa nani.

"Nasikia mashine imezima."

"Imesimama. Nitaiamsha."

"Mvua iko karibu kuisha," alisema, kwa upole, na upole ule uliniudhi kuliko kama angenicheka.

Nilifuta nilichoweza ili kompyuta kubwa ipumue, nikaondoka kwenda Kangundo nikiwa nimejaa maneno. Njiani niliyapanga vizuri. Ningeanza kwa heshima, kisha ningeuliza kwa nini kitu kidogo vile, kisichosumbua mtu, kilizimwa.

Nilimkuta sista ameketi kwenye chumba cha dawa. Kioo cha juu ya sinki kilikuwa kimefunikwa kwa leso. Nyaya zote zilikuwa zimeng'olewa ukutani, na kikompyuta changu kilikuwa juu ya kabati, baridi, kimewekwa vizuri ndani ya boksi la glovu.

"Sista, hii mashine ilizimwa lini?"

"Siku ya kwanza ya mvua. Hapa kukinguruma natoa nyaya zote kwa ukuta. Mwaka jana radi ilipita kwa stima ikachoma televisheni ya wagonjwa na moshi ukatoka. Mvua ikiisha narudisha friji na taa."

"Na hii?"

"Hiyo haina skrini, haina sauti. Mimi najua aje kama iko na kazi? Nikaona afadhali niiweke mahali haitanyeshewa."

Nilifungua mdomo nianze maneno yangu. Wakati huo huo ngurumo ikapasuka juu ya bati. Nilipojitazama, mkono wangu wenyewe ulikuwa umeshang'oa chaja ya simu yangu ukutani na nilikuwa nimesogea mbali na dirisha. Sista aliangalia ile chaja, akaniangalia mimi, akaanza kucheka. Nami nikacheka mpaka machozi yakanitoka, kwa sababu hakuna mtu aliyelelewa kwenye vilima vile ambaye angefanya tofauti. Mama yetu alikuwa akizima hata redio ya betri. Nilikuwa nimepanga mtandao mzima kana kwamba naufunga katika nchi ambayo haina mbingu.

Jioni hiyo nilimweleza baba yote, pamoja na simu ya kaka. Nilimwambia ukweli, kwamba nikikiacha kikompyuta kwenye stima ya nguzo kitang'olewa kila kukinguruma, na ni haki king'olewe. Kinahitaji umeme wake wenyewe, usiopita kwa nguzo, na kuomba kitu kama hicho ofisini ni kungoja mpaka mvua nyingine. Baba alisikiliza, akauliza hicho kidude kinakula umeme kiasi gani. Nikamwambia kidogo, kama taa moja ya nyumbani. Kisha akaenda kulala.

Asubuhi niliamshwa na vishindo juu ya bati. Jirani yule yule aliyemkuta chini alikuwa juu ya paa letu, na baba chini akimwelekeza kwa fimbo. Walikuwa wanafungua paneli ya sola, ile tuliyomwekea ya taa na redio.

"Baba, unafanya nini?"

"Si umesema kama taa moja?"

"Na wewe utakaa gizani?"

"Niko na koroboi. Redio nitasikiza kwa jirani, hata yeye ataacha kuniambia habari nusu nusu." Kisha akashusha sauti ili jirani asisikie. "Mwaitu, huko Mlolongo kuna taa nyingi sana. Mimi sizitaki."

Nilimshika mkono, nikaushika kwa muda mrefu, na yeye akaniacha.

Waliipeleka zahanati wenyewe, baba na jirani na watu wengine wawili watatu wa kundi lao la mwethya, wakaipandisha juu ya paa na betri yake wakaiweka ndani ya kabati. Sista alisimamia kama fundi mkuu. Alipoelezwa kwamba waya huu haugusani na wa nguzo popote, aliufuata kwa macho kutoka paani mpaka kabatini, kisha akaandika kwenye karatasi HII HAITOLEWI na kuibandika kwa plasta ya vidonda. Kangundo ikarudi hewani. Kompyuta kubwa ikamimina kila ilichokuwa imekiweka, na nilikaa pale kabatini nikiangalia kitaa kidogo cha kijani kikipepesa bila kukoma.

Ilibaki ile diski. Sikutaka nakala nyingine ikipotea iangushe zahanati zote tena. Niliandika kwenye jukwaa la watu wa programu ile, nikaeleza yaliyonipata, nikitarajia kunyamaziwa. Nilijibiwa siku hiyo hiyo na mtu wa mbali, miongoni mwa walioiandika. Alinionyesha jinsi ya kuweka kikomo cha kinachohifadhiwa, na jinsi ya kupata onyo mapema nakala ikianza kubaki nyuma. Mwishoni aliuliza, kwa adabu kabisa, ni kwa nini mtu azime mashine kila kukinyesha. Nilimweleza radi, televisheni iliyochomeka na leso juu ya kioo. Akasema hilo halimo kwenye mwongozo wao, na je, ningeweza kuliandika?

Niliandika. Ukurasa mmoja, kwa watu wanaofunga nakala mahali ambapo umeme huondoka au huondolewa kwa sababu nzuri. Walinirekebisha hapa na pale, nikawakatalia jambo moja, wakakubali, na ukurasa ukaingia kwenye mwongozo. Nilipomwambia baba aliuliza maswali mawili tu. Je, walikuomba au ulijitokeza? Na je, kazi ilionekana? Nilipomjibu alisema, "Basi umelima," na akanipa ndizi.

Mvua ilianza kupungua. Niliifuata insulini ya Kangundo kwa macho kila siku, jambo ambalo kazi haikunitaka nilifanye. Alasiri moja, siku moja kabla ya siku ya baba kwenda zahanati, niliona hesabu ikishuka hadi sifuri. Mgonjwa mwingine alikuwa amechukua chupa ya mwisho, naye alikuwa na haki yake kamili. Mkono ulinyanyuka kutafuta simu, halafu nikauzuia. Kama ni mimi niliyetakiwa kupiga simu kila mara, basi kaka alikuwa na haki. Nilikaa juu ya mikono yangu kama mtoto aliyekatazwa kugusa.

Kabla ya chai kwisha kikombeni, mstari mpya uliingia kutoka Kinanie. Mtu wa dawa wa huko, ambaye tulikuwa hatujazungumza wiki nzima, alikuwa ameiona sifuri ile ile kwenye nakala yake, akapunguza insulini kwenye rafu yake na kuandika kwamba itaondoka asubuhi na gari la ofisi ndani ya boksi la barafu, kwenda Kangundo. Hakuna aliyemwambia. Niliusoma mstari ule mara nyingi, nikatoka nje nikasimama kwenye jua.

Kesho yake nilingoja kadiri nilivyoweza, nikampigia baba.

"Umeenda zahanati?"

"Nimeenda. Foleni ilikuwa ndefu kama ya kura. Na kuna mama alikuja nyuma akapita mbele, eti ameacha mtoto kwa jirani. Sisi wengine hatukuacha kitu?"

"Na dawa, baba?"

"Dawa?" Alishangaa kabisa, kama niliyemuuliza kama jua limechomoza. "Dawa ilikuwa hapo. Kwani ingekuwa wapi?"

Niliziba mdomo kwa mkono ili asinisikie nikilia. Hakujua, na sikutaka ajue. Nilikuwa nimehangaika mvua nzima ili baba yangu apate siku isiyo na cha kusimulia isipokuwa foleni.

"Mwaitu, uko hapo?"

"Niko, baba."

"Basi wacha niweke simu. Niko na kazi."

Nilimpigia kaka hapo hapo. Sikumweleza habari za nakala wala skrini. Nilimwambia baba haji, ana kazi.